Mkanda Wangu Uliotundikwa Kanisani

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Masasi! Mtaniwia radhi, nitashuhudia huku nimeshika kiti hiki. Si kwamba nawaogopa. Nina vyuma viwili mgongoni na skrubu tano, na leo vimeamka kabla yangu. Lakini ninyi mlioitikia kinyonge hapo nyuma, itikieni tena, maana nilichokuja kusema ni habari ya furaha!

Mimi ni Mama Tumaini wa Chilangala, kule juu Newala. Mliofika kwetu mnajua: korosho tunazo, ming'oko, viazi vyetu vya porini, tunachimba, maji ndiyo hatuna. Bomba likikauka, mwanamke anateremka bondeni na ndoo, kisha anaupanda mlima nayo kichwani. Kwetu binti husifiwa shingo kabla ya sura, na shingo yangu ilisifiwa mpaka nikaolewa kwayo.

Basi, miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walianza kutufuata vijijini na malori yao. Msimu mmoja nikapanda juu ya magunia nije huku Masasi kununua mabati. Mume wangu alinikataza. Alisema lori limejaa mno. Nikamjibu kwamba mkorosho nimeupalilia mwenyewe, korosho zake haziwezi kunitupa. Zikanitupa! Kwenye mteremko lori liliyumba, nikaanguka, na gunia likanifuata mgongoni. Nilipotaka kuinuka, miguu sikuisikia.

Nililazwa hospitali ya misheni, nikapelekwa Dar es Salaam, na huko madaktari wakaunga uti wangu wa mgongo kwa vyuma. Ndugu zangu, nilitembea tena! Hilo peke yake lingetosha kunifanya nimshukuru Mungu maisha yangu yote. Daktari akanipa mkanda mgumu wa kufunga kiunoni. Akaniambia nisibebe mzigo kichwani, na maumivu yakizidi nirudi kupigwa picha. Tena akaniambia jambo ambalo sikulitaka: kwamba huenda maumivu yasiishe kabisa.

Hayakuisha. Anayejua baridi ya Newala mwezi wa saba anielewe. Baridi ile ikiingia, chuma kinaipokea kwanza, kisha kinaigawia mifupa. Nilikuwa nikisikia chafya inakuja naushika ukuta. Kuinama kuchimba ming'oko, sahau. Kukaa kwenye benchi la kanisa lisilo na egemeo, mahubiri yakiwa marefu, nilikuwa namwomba Mungu amfupishe mchungaji. Mnacheka, lakini nililia sana miaka ile. Nililia kwa hasira. Nilimwuliza Mungu kwa nini aliniinua nusu.

Ukaja mkutano wa injili Newala mjini. Mhubiri mgeni akaniwekea mikono, nikasikia joto limeshuka toka shingoni mpaka nyayo, na maumivu yakaondoka. Hapo sisemi uongo, yaliondoka! Nikapanda jukwaani nikarukaruka. Nikafungua mkanda wangu mbele ya umati, nikautupa chini. Na nilipoona watu wanashangilia, ulimi ukanitangulia. Nikapaza sauti, "Hata vyuma vimeyeyuka!" Ndugu zangu, hakuna aliyeniuliza habari za vyuma. Niliziongeza mwenyewe, kama mpishi anayeongeza chumvi kwa sababu wageni wamesifu mboga.

Asubuhi yake niliamka na maumivu yaleyale.

Ningesema siku hiyohiyo, yangekwisha. Sikusema. Wazee wa kanisa walikuwa wameuokota ule mkanda, wakauleta Chilangala, wakapigilia msumari ukutani karibu na madhabahu na kuutundika. Kila mgeni alionyeshwa. Kwa hiyo kila Jumapili nilikaa kwenye benchi lile, mgongo unawaka, nikiutazama mkanda wangu mita chache mbele yangu, na siwezi kuugusa. Nimewahi kuwa na njaa, nimewahi kufiwa, lakini sijawahi kutamani kitu kama nilivyoutamani mkanda ule.

Uongo nao unataka kulishwa. Tulipoanza kufyatua matofali ya kanisa jipya, akina mama tulipangiwa kuleta maji. Nani awe wa kwanza? Mama Tumaini, aliyeyeyushiwa vyuma! Nikajitwika. Nikashuka bondeni, nikapanda, nikiimba kwa sauti kubwa ili nisisikike nikiguna. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jirani yangu Mama Zuhura, Mwislamu, tuliyeishi naye tangu tuko wali unyagoni, alinitazama tu. Siku moja akasema, "Mwenzangu, mbona unashuka kama uliyekanyaga mwiba?" Nikamwambia ni viatu. Na siku hiyo nilikuwa pekupeku.

Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilikuwa karibu.

Kulikuwa na dada mmoja wa kwaya, Esta. Kifua kikuu kilikuwa kimemwingia kwenye uti wa mgongo. Alikuwa anameza vidonge, naye pia amefungwa mkanda, na nesi alikuwa amemwonya kwamba akikatisha dawa anaweza kupooza miguu. Esta akaja kwangu siku ya Ijumaa, uso unang'aa. Akapiga goti, akaniamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akaniambia, "Jumapili nami natupa vidonge na mkanda mbele ya madhabahu. Imani yako imenifundisha. Naomba unishike mkono tutembee wote."

Nilitakiwa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni "Amina."

Jumamosi nikashuka kisimani, moyo mzito kuliko ndoo. Nilipokuwa napanda, nikasikia ndani ya mgongo kitu kimesema ka! Ndoo ikaenda kule, mimi nikakaa chini njiani, maji yote yamenimwagikia. Mama Zuhura alikuwa nyuma yangu. Akatua ndoo yake, akanishika kwapani, na mkono wake ukapita mgongoni pangu, ukasikia uvimbe. Hakunicheka. Akasema, "Mama Tumaini, mgongo huu Mungu anaujua. Sasa unamficha nani?"

Nilijiona vile nilivyo: mtu mzima, nimelowa, ninamficha Mungu jambo ambalo yeye analijua, na kesho naenda kumshika binti wa watu mkono nimpeleke kwenye ulemavu ili jina langu lisichafuke. Nikalia pale njiani mpaka Mama Zuhura naye akalia. Nikaomba, ndugu zangu, na kwa mara ya kwanza baada ya mkutano ule sikuomba mgongo. Niliomba ulimi.

Jumapili nilifika kanisani nikitembelea fimbo ya mume wangu. Esta alikuwa amekaa mbele, vidonge amevifunga kwenye pindo la kanga. Sikungoja aitwe. Niliinuka nikasema, "Wapendwa, mimi sikupona. Vyuma havikuyeyuka. Siku ile Mungu alinipumzisha nikashukuru, na hilo ni kweli. Mengine niliyaongeza mimi." Kisha nikaenda mpaka ukutani, nikautoa mkanda msumarini.

Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba nimelivua kanisa nguo. Mama mmoja akainuka akatoka. Nikajaribu kujifunga mkanda nikashindwa, maana ule mkanda unataka mtu wa pili avute kwa nyuma. Nilisimama pale mbele za watu siwezi kufunga wala kufungua. Hapo ndipo nikasikia mikono midogo mgongoni. Ilikuwa ya Esta. Aliujua mkanda, kwa sababu naye alikuwa nao chini ya gauni lake.

"Tundu la ngapi, mama?"

"La tatu, mwanangu. Vuta."

Akavuta. Nikamgeukia, nikamwomba msamaha, nikamsihi avirudishe vidonge nyumbani. Akalikaza fundo la kanga yake, akaenda akakaa, na vidonge akarudi navyo. Haleluya! Ndugu zangu, huo ndio ukombozi niliokuja kuushuhudia!

Mchungaji hakunifukuza. Alisimama, akafuta uso, akasema kwamba na yeye amekuwa akiuficha ugonjwa wa kifua kwa mwaka mzima. Baada yake wakasimama wanne wengine, kila mmoja akasema la kwake. Ibada ile ilikwisha saa tisa, na hakuna aliyenung'unikia benchi.

Nilirudi hospitali, nikapigwa picha. Skrubu moja ilikuwa imekatika. Daktari alinigombeza vizuri sana, nikaitikia kila neno, kisha wakaitoa. Ndiyo maana nimewaambia skrubu tano. Zilikuwa sita.

Sasa mtaniuliza, Mama Tumaini, maumivu yamekwisha? Hayajakwisha. Yamepungua. Kuna siku napalilia korosho mpaka nasahau, na kuna siku kama ya leo. Lakini naomba uponyaji bila haya, nameza dawa bila haya, najifunga mkanda bila haya, na nikiumia nasema nimeumia. Usingizi umenirudia. Mungu niliyemwuliza kwa nini ameniinua nusu, sasa najua hakuniinua nusu. Nusu nyingine niliikalia mwenyewe.

Esta alimaliza dawa zake zote. Mkanda wake aliuvua nesi, hospitalini, siku yake ilipofika. Leo ndiye anayenitekea maji, na shingo yake kijiji kizima kinaisifu. Kanisa jipya limesimama, na benchi moja limetiwa egemeo; kila mtu anajua ni la nani. Mchungaji alitaka kuung'oa ule msumari, nikamwomba tuuhamishie kwenye ukuta mpya. Upo mpaka leo, hauna kitu.

Ndugu yangu uliyekaa hapa na jambo umelibana chini ya kanga au chini ya shati, Mungu wangu hahitaji umwongezee chumvi. Mwamini ukiwa hivyohivyo ulivyo. Esta yule pale mlangoni, nimekuja naye, ana mikono miepesi. Njooni mbele tuombe, na mikanda yenu njooni mmeifunga.