Chumba cha Ushauri Katikati ya Wajawazito

Acha kujifanya unatazama dirishani. Umo kwenye basi hili hili, na umesikia kama nilivyosikia.

Bibi wa ofisi ya afya alimlalamikia fundi wa kuchomelea aliyeketi kando yake: "Vijana wa kiume wanajiua, kaka yangu, na chumba cha ushauri tumewafungulia. Hawaji!"

"Mmekifungua wapi, dada?"

"Kliniki ya wajawazito. Ndiko kulikokuwa na nafasi." Bila shaka. Chooni kulikuwa kumejaa.

Fundi alicheka kicheko kikavu. "Mdogo wangu alikuja kwenu. Muuguzi akampigia kelele mbele ya benchi zima: 'Wewe baba, mkeo yuko wapi?' Akageuka akarudi nyumbani. Leo ameniletea mashine yake ya kuchomelea, eti haihitaji tena. Ndiyo maana naenda kwake."

"Pole. Mwambie aje Jumatatu, tunafungua saa tatu."

"Jumatatu! Basi kiandikie na kifo barua kingoje!"

Basi lilisimama, fundi akaruka chini akikimbia.

Na wewe pia unamjua kijana kama huyo, anayegawa vitu vyake. Teremka. Muulize waziwazi kama anataka kufa, usimwache peke yake, na msaada umtafutie leo hii. Kisha twende tukakihamishe kile chumba.