Niliyoyasikia Nikiwa Ndani ya Vazi la Nungunungu

Sogeeni, wanangu. Renatus, kaa hapa karibu na kichwa, uandike. Levina, iache hiyo sufuria, uji nitakunywa baadaye. Pumzi yangu imekuwa fupi, na haya ninayotaka kuyasema sitaweza kuyarudia.

Shamba la Igalula mipaka yake mnaijua. Limeni pamoja, asitokee wa kumwambia mwenzake atoke. Nyumba hii ni ya mama yenu Yustina mpaka siku yake ya mwisho. Hayo yamekwisha. Nililowaitia ni jingine.

Mnajua niliutunza uwanja wa chuo miaka thelathini na moja, tangu kikiwa chuo kidogo mpaka kikaitwa chuo kikuu, na mnajua mimi ndiye niliyevaa vazi la nungunungu, mnyama wa timu ya mpira. Wanachuo wa kwanza walimchagua mnyama huyo kwa sababu aliwamalizia mihogo yao na hakuna mbwa aliyethubutu kumgusa. Vazi tulilishona kwa magunia na miiba ya kweli iliyookotwa vijijini. Kila mchezaji aliyemaliza masomo aliacha mwiba mmoja, nami niliushona huku nikilitaja jina lake mbele ya timu. Kabla ya mechi nilizunguka uwanja kinyumenyume, maana nungunungu humwendea adui kwa mgongo. Watu walipanda treni kutoka Bukene kuja kuangalia hilo tu.

Sasa wana simba wa sponji kutoka Dar es Salaam, na vazi letu walilichoma siku waliyosafisha stoo. Nilikuwepo. Nikawaambia, "Jamani, hayo ni majina ya watu." Kijana wa ofisini akanijibu kwa adabu, "Mzee, na sisi tumeagizwa." Nikasimama nikitazama mpaka likaisha.

Lakini hata hilo silo linaloninyima usingizi.

Mwaka tisini na nane tulicheza fainali. Kipa wetu alikuwa Silasi Nimbona wa Ulyankulu, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi. Nilikuwa nyuma ya benchi, ndani ya vazi, na watu husahau kwamba ndani ya vazi kuna mtu. Nikamsikia Silasi akisema, "Mwalimu, jicho la kushoto limevimba, mpira siuoni." Kocha akamjibu, "Utadaka hivyo hivyo." Tukafungwa manne, yote upande wa kushoto. Jioni kocha akawaambia wanachuo kwamba Silasi ameuza mechi, na kwamba mtu asiye wa hapa hawezi kuwa na uchungu na timu. Silasi akasema habari ya jicho. Kocha akauliza, "Nani alikusikia?"

Nilikuwa nimesimama pale, vazi nimelikunja mkononi. Nyinyi mlikuwa wadogo, na kocha ndiye aliyependekeza vibarua gani waachishwe kazi, nami nikiwa mmoja wao. Nikanyamaza. Silasi akaondoka kesho yake bila kumaliza chuo.

Mwaka jana nilikwenda Ulyankulu. Nikamkuta kwenye tumbaku yake, nikamweleza yote. Akaweka jembe chini. "Mke wangu Demetria alikufa mwaka juzi," akasema. "Alikufa akiamini niliuza. Sasa unamwambia nani, mzee?" Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka barabarani, basi.

Chuoni nimepeleka barua mbili, hazikujibiwa. Kocha amekufa. Miguu yangu ndiyo hii mnayoigeuza nyinyi. Kwa hiyo sikilizeni. Siku ya kunizika, wakisoma historia yangu, msiruhusu isomwe ya sifa. Renatus, soma hili mbele ya mchungaji na watu wa chuo watakaokuja. Halafu nendeni Ulyankulu mkawaambie watoto wa Silasi, hata wasipowakaribisha kukaa.

Mungu aliyenivumilia awashike mikono. Awape kusema wakati bado yupo wa kumwambia. Mama yenu... msimwache peke yake.

Nigeuze, Levina. Taratibu. Hapo.

Renatus... nisomee mwisho wake. Hapana, usiandike "mtu mmoja alisikia." Futa. Andika jina. Andika... Amon. Baba yetu, Amon, ndiye aliyesikia.