Mzee Komakech na Hati Iliyobaki Benki

Tarehe 31 Julai 2025, Mzee Josias Komakech anafunga stoo ya vipuri ya karakana yetu ya malori hapa Luzira, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Tungependa kuandika kwamba anakwenda kupumzika. Haendi, na mwenyewe ametuonya tusiweke uongo kwenye karatasi itakayosomwa baada ya sala.

Aliajiriwa mwaka 1992 kupakua mizigo. Miaka miwili baadaye alikabidhiwa funguo za stoo, na tangu hapo sheria ikawa moja: usipoleta kipuri cha zamani, hupati kipya. Fundi Jibril aliwahi kuja na nusu ya mkanda wa injini. Alipewa maji ya kunywa, kisha akarudishwa barabarani kutafuta nusu ya pili. Hata mkurugenzi alirudishwa, tai shingoni, akachomoe balbu iliyoungua. Ndiyo maana tunamwita Mzee Leta-ya-Zamani. Wakaguzi walikuja na kuondoka miaka yote hiyo, hawakukuta kipuri hata kimoja kimepotea.

Kila siku saa saba mchana alifungua Biblia yake juu ya kreti, na Jibril akatandika mkeka wake nyuma ya matairi. Stoo iliwatosha wote wawili.

Nyumba yake ya Kisugu aliijenga kwa mkopo wa benki, akaweka rehani hati ya kiwanja. Mkopo ulikuwa uishe kabla hajastaafu. Lakini mkewe Abwola, Mama Akidi kwetu sote, aliugua figo. Akiba ya uzeeni ikaishia hospitalini, na malipo ya benki yakasogezwa mbele miaka minne. Mama Akidi alituacha mwaka juzi, Mungu amlaze pema. Mkopo haukumfuata.

Mwezi wa tano benki ilimpa njia: achukue mkopo mpya wenye riba ndogo, ulipe ule wa zamani. Malipo ya kila mwezi yangepungua karibu nusu. Ila yangeendelea miaka kumi na mmoja, mpaka afike sabini na moja, na binti yake Akidi, muuguzi mwenye watoto watatu, atie sahihi ya udhamini.

Mzee aliuliza jambo moja tu: akichukua mkopo mpya, hati yake itarudi mkononi? Afisa wa benki, binti mwenye adabu, alimweleza kwamba hati haitoki. Inahama tu faili. Mzee akamjibu kwamba stooni kwake hilo linaitwa kufunga kipuri kipya juu ya kibovu. Akaomba siku tatu za kusali.

Sisi wenzake tulimsihi akubali. Jibril alimwambia kwamba msimamo hauivishi posho jikoni. Akidi alikuwa tayari kutia sahihi, na alilia babake alipomnyang'anya kalamu. Mzee alisema aliyekopa ni yeye, na mtoto hatarithi deni la baba aliye hai.

Kwa hiyo analipa ule wa zamani, miaka minne kamili. Nyumba ameipangisha, hata chumba alichomuuguzia mkewe. Yeye amehamia chumba cha uani. Jumatatu anaanza kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi kule Mbuya. Kama alikosea, Mungu anajua. Siku alipowakabidhi wapangaji ufunguo, tuliacha kumsihi.

Mafundi wamemtengenezea sanduku la bati la lori, lenye kufuli, la ukubwa wa hati ya kiwanja. Leo asubuhi walimpelekea, akakataa kulishika. Alikwenda kwanza kwenye ndoano, akashusha funguo za stoo za miaka thelathini na mmoja, akaziweka mezani. Ndipo akalipokea.

Asante, Mzee wetu. Ya zamani umerudisha, tumeihesabu, imetimia. Mungu akupe nguvu ya miaka minne na mingine mingi ya kukaa barazani kwako, na sanduku hilo lisikae tupu.