Nusu Saa ya Sista Asenath

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Sista Asenath Luseno anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi. Saba ya kwanza alihudumia wazazi huko Buruburu. Ishirini na sita amekuwa nasi hapa zahanati ya Baba Dogo. Mazoea ya wodi ya wazazi hayakumtoka: kila mgonjwa humwita "mama", hata mwanamume mwenye ndevu.

Kwetu alijulikana kwa benchi. Aliyedungwa antibiotiki hakuondoka kabla ya nusu saa, awe chifu au nani. Alimkalisha hata pasta wake mwenyewe, na arusi ikangoja.

Machi mwaka jana Muthama, fundi wa kuchomelea vyuma, alidungwa penisilini kwa kidonda kilichotunga usaha. Sista alimuuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Alisema hapana, na hakudanganya. Dakika kumi baadaye alitoroka benchi arudi kazini. Sista alipoona nafasi yake iko wazi, alinyakua sanduku la dharura akatoka mbio.

Alimkuta langoni ameegemea ukuta, anajikuna, midomo imevimba na sauti imekauka.

"Sista, naona kizunguzungu."

"Lala chini, mama."

Alimdunga adrenalini pajani palepale, juu ya suruali, akamwinua miguu juu ya kiti cha bawabu. Adoyo, muuguzi mwenzake, alileta oksijeni na dripu. Muthama alitaka kuinuka; Sista akamshika bega asisogee. Dakika tano zikapita, kifua bado kinapiga filimbi. Akamdunga tena. Polepole pumzi zikatulia, na neno la kwanza la Muthama likawa, "Nimechelewa kazi." Tulicheka kwa kushukuru tu.

Ambulensi ilimpeleka hospitali akaangaliwe hadi kesho yake. Ilipoondoka, Sista aliketi ukingoni mwa barabara akamwomba Adoyo amfungulie chupa ya chai. "Leo niliogopa," alisema.

Wiki hiyohiyo alitufundisha sote, bawabu na mfagizi wakiwemo, adrenalini inakaa wapi na mgonjwa alazwe vipi. Muthama naye hutembea na kadi aliyoandikiwa kwa wino mwekundu: asipewe penisilini.

Sasa Sista anarudi Vihiga, kwa mumewe Caleb na ng'ombe wawili. Asante, Sista. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Lala hadi jua lipande. Huku tumejua la kufanya.