Gari la Bluu la Wendell

Mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya wengine. Nikipanda basi hapa Cleveland, naweka vipokea sauti masikioni na dunia naisahau.

Jana, kiti cha mbele yangu, mzee aliyevaa tai shingoni, aliyejiita Wendell, alikuwa akimlilia mama mmoja asiyemjua.

“Gari langu la umeme naambiwa liko njiani tangu Juni. Punguzo la kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme linakwisha kesho. Dola elfu saba na nusu, mama!”

“Pole, baba. Na la zamani?”

“Nililiuza. Chaja nimeshafunga ukutani.”

“Sasa unachaji nini, ukuta?”

Wendell akanuna. Naye alikuwa ameyataka.

“Hawana jingine pale dukani?”

“Lipo jeupe. Mimi nataka la bluu. Jeupe linachafuka upesi.”

“Kwa hela hiyo si utanunua sabuni ya kuosha mtaa mzima? Kalichukue leo!”

“La bluu, mama.”

“Basi umeshalipata. Hili tulilopanda ni la bluu, na lina dereva.”

Nikaangua kicheko. Wendell akageuka. “Kijana, unacheka nini?”

“Wimbo,” nikasema.

Basi likasimama. Mama akainama, akaokota ncha ya waya wa vipokea sauti vyangu sakafuni, akaniwekea mkononi.

“Uchomeke kwanza, mwanangu.”