Siku Bochaberi Alipotoa Mkono

Watu wa Kimulot wanachuma chai, wanapima chai, wananuka chai, halafu wanakuja kwangu kunywa kahawa. Mimi Mosoti niliitoa kahawa kwetu Kisii nikaileta huku karibu na msitu wa Mau, nikaweka jiko la makaa na birika kando ya banda la kupimia majani, pamoja na benchi moja ambalo halijawahi kukosa makalio. Vikombe ni vinne tu. Anayemaliza anasuuza chake kwenye ndoo, anampa mwenzake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti, lori la kiwanda limechelewa, majani yanaharibikia vikapuni, na wateja wangu walikuwa wameshapata cha kutafuna: Bochaberi, bibi ya Nyang'au, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, kifua kimemkaba, pumzi inatoka kwa kuomba. Nyang'au mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kikombe mkononi, hanywi. Kuwepo kwake hakukuwazuia. Benchi langu halina adabu hiyo.

Aliyeanza ni Gekara, tunayemwita Dresa. Alipika ugali kwenye dispensari miaka mingi, akatoka huko akiamini yeye ni daktari aliyenyimwa koti jeupe.

Dresa: Mimi nilisema mapema. Ile dawa ndiyo imemkula. Dawa gani mtu anameza mwaka mzima? Dawa ni wiki moja, unapona ama unakufa, basi.

Kipkorir: Wewe dispensari ulikuwa unakoroga sufuria.

Huyu Kipkorir ni Tanboi. Alipanda nyuma ya lori la maziwa mpaka wakamfukuza, na kila uongo uliopita barabarani aliubeba bure.

Dresa: Nilikuwa nakorogea nani? Wagonjwa! Ukikaa karibu na waridi utanukia.

Tanboi: Ulinukia vitunguu.

Mzee Chepyegon akakohoa, akatema kando, akajifuta kwa ncha ya blanketi. Jina lake la benchi ni Mizani, kwa sababu hakuna siku ameacha kugombana na karani wa kupima majani.

Mizani: Mimi, pwana, sioni maneno ya dawa. Naona maneno ya kiburi. Mtu anakataa mkono ya mzee! Mimi nanyoosha mkono pale mlango ya kanisa, yeye anainamisha kichwa tu, anasema, "Chamgei, mzee." Chamgei bila mkono ni salamu ya nini? Hata mbwa ananipa mguu.

Nyang'au: Mzee, nilikueleza hiyo maneno. Hapa hapa.

Kweli alieleza. Nilikuwepo, nilikuwa namimina. Bochaberi alikuwa mchumaji ambaye wengine walimkimbilia nyuma wakashindwa, majani mawili na chipukizi, mikono miwili kwa pamoja. Kisha vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi havikunjiki, hafungi kifungo cha gauni, hashiki kijiko, bintiye Nyaberi anamchana nywele. Daktari wa misheni akampa vidonge vidogo vyeupe, na baada ya muda mikono ikarudi, sio yote, lakini ya kutosha. Nilimwona mwenyewe akichuma akiimba. Daktari akampa na masharti. Alisema ugonjwa ule ni kama askari wa shamba waliorukwa na akili wakaanza kumpiga mwenye shamba. Vidonge vinawalaza askari. Sasa askari wakilala, mwizi yeyote anaingia, kwa hiyo yeye mwenyewe afunge mlango: asikae na mtu anayekohoa, asishike mikono ya watu ovyo, anawe kwa sabuni, achemshe maziwa, avae viatu shambani, na akikwaruzwa na mti wa chai afunge hapo hapo. Na vidonge asiache ghafla. Maneno rahisi. Nyaberi aliyaelewa na yuko darasa la pili.

Tanboi: Lakini hata wewe, Nyang'au! Kulaza askari! Mwenye duka gani analaza askari yake halafu anashangaa ameibiwa?

Dresa: Hiyo ndiyo nasema. Sayansi haikubali. Askari ni wa kuamshwa. Mimi ningempa pilipili na mafuta ya kondoo.

Tanboi: Mimi nilisikia hivi, na nilisikia kwa mtu wa Litein, sio mtoto. Hospitali walimbadilisha mikono. Ile yake ilikuwa imeoza, wakamwekea mikono ya mzungu amekufa. Sasa mkono ya mzungu haitaki kushika mtu mweusi. Ndiyo maana!

Dresa: Alama ya kushona iko wapi?

Tanboi: Kwani umeona? Si alikuwa anavaa sweta mikono mirefu?

Dresa: Hmm. Alikuwa anavaa.

Mizani: Alikuwa anavaa, kweli.

Hapo ndipo akili za watu wazima zinapofika kabla ya kikombe cha pili. Mwanamke amevaa sweta Kimulot, mahali ambapo ng'ombe angevaa sweta kama angepewa.

Mizani: Na kikombe je? Mosoti, si hapa alikuja na kikombe yake?

Niliitikia kwa kichwa. Alikuja siku moja kumwita mumewe, baridi ilikuwa kali, nikamkaribisha kahawa. Akatoa kikombe cha bati kikapuni, chake, akanyoosha nimimine. Benchi zima likamkodolea macho kama amevua nguo. Nikammiminia. Kilikuwa kisafi kuliko vyangu vyote, na hilo liliniuma kidogo.

Tanboi: Mtu mwenye kikombe yake ana siri. Mkono mtupu haulambwi.

Dresa: Hiyo methali inaingilia wapi?

Tanboi: Inaingilia hapo kwa mkono.

Wakacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikaanzia kwa Tanboi kikapita kwa Dresa kikaishia kwa mzee. Baridi, wakasema. Moshi wa jiko lako, Mosoti. Nikasukuma jiko mbele kidogo. Nyang'au hakucheka.

Nyang'au: Mlianza kusema ni mchawi.

Dresa: Nani alisema?

Nyang'au: Wewe ulisema. Ulisema kwetu Kisii mwanamke anayeficha mikono ana kitu ameshika usiku. Ulisema mbele ya watu wa kanisa. Na sisi huku ni wageni, Gekara, wewe na mimi. Unajua mgeni akiitwa mchawi inaisha namna gani.

Dresa: Mimi niliuliza tu. Kuuliza si ujinga.

Nyang'au: Ndiyo nikakubali mje.

Kijiwe kikachangamka, maana hapo sasa walikuwa wamefika kwenye wema wao. Kila mtu alitaka kuusimulia. Jumapili baada ya ibada kanisa zima lilishuka kwa Nyang'au kumwona mgonjwa, kama ilivyo desturi, ili maneno yaishe. Watu walijaa nyumbani mpaka uani, wanawake na watoto migongoni, pua zinatiririka, maana huo ndio mwezi wa mafua na hakuna nyumba iliyokuwa imepona.

Tanboi: Ilikuwa siku mzuri! Tuliimba mpaka mabati ikalia.

Dresa: Na mimi niliomba. Niliomba nimemshika kichwa.

Tanboi: Uliomba mpaka chai ikapoa.

Mizani: Na mimi nilileta mursik.

Mzee alilisema polepole, akaweka kikombe chini. Mursik ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakaiva. Mizani alileta kibuyu cha nyumbani kwake, kile ambacho hakitoki ila kwa harusi na kwa mtu unayempenda. Kikazunguka mdomo kwa mdomo, na wa kwanza kupewa akawa mgonjwa.

Dresa: Na alikunywa?

Mizani: Kwanza aliangalia bwana yake.

Nyang'au: Aliniangalia. Tulikuwa tumezungumza ndani kabla atoke. Alisema, "Daktari amenikataza." Mimi nikamwambia daktari hakai Kimulot. Nikamwambia, sisi ndio tunakaa Kimulot.

Makaa yalilia kidogo kwenye jiko.

Mizani: Akanywa. Halafu akanipa mkono. Pwana, ile mkono! Moto, na mifupa yote imepinda. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto alikuwa mgonjwa kweli. Nikasikia huruma. Nikamfungua viganja, nikamtemea mate ya baraka, hapa na hapa, na kwa kifua, namna baba yangu alinitemea mimi nikienda vita ya Burma. Na mimi nilirudi. Si nilirudi?

Tanboi: Ulirudi, boiyot, mzee wetu.

Mizani: Nilitema ile nzuri. Ile ya kutoka ndani kabisa.

Na akakohoa, kutoka ndani kabisa, mpaka blanketi likamwanguka begani. Nilimwangalia nikamchukia, halafu nikamhurumia, halafu nikarudi kumchukia. Mtu akikudhuru kwa ubaya unajua pa kumpiga. Huyu alimpa Bochaberi kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Tanboi: Sasa swali ni hii. Siku ile mtu mbaya aliingia. Kati ya watu wote, mmoja alikuja na jicho.

Dresa: Sasa unasema ukweli.

Tanboi: Alikuwa anaimba na sisi, anacheka na sisi, kumbe ameleta kitu. Wiki haikuisha, mwanamke chini! Huyo mtu tumtafute.

Dresa: Mimi namshuku yule mama aliyehamia kutoka Chebunyo. Alikaa karibu sana. Na hakula.

Tanboi: Hakula! Uliona?

Mizani: Mtu hakuli nyumba ya mgonjwa, huyo ana neno.

Dresa: Tukimaliza hapa twende kwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tanboi: Twende na watu. Na yeye atoe mkono tuone.

Mosoti: Yule mama ni mgeni kama Bochaberi. Hata kukohoa hakukohoa.

Hayo nilisema mimi, na ndiyo maneno pekee niliyosema asubuhi hiyo nzima.

Dresa: Ndiyo hiyo sasa! Watu wote wanakohoa, yeye hakohoi. Kwa nini?

Nyang'au: Gekara, mbona hamkumwuliza bibi yangu kama anataka wageni? Mbona hata mimi sikumwuliza?

Dresa: Mgonjwa haulizwi uji, ndugu yangu.

Nyang'au akamwaga kahawa yake chini. Haikuwa hasira ya kunigharimu kikombe, aliimwaga taratibu tu, akakiweka kikombe kwenye ndoo. Wakati huo ndipo mwanamke alipotokea kwenye ukungu kutoka upande wa barabara, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, viatu vimejaa matope ya njia nzima. Tulimjua kwa uso kabla hajajitaja. Alikuwa Elmina, dada yake Bochaberi, amefika jana kutoka Nyamira na kwenda moja kwa moja hospitali.

Mizani akasimama kwa heshima, akanyoosha mkono. Elmina aliuangalia ule mkono, akainamisha kichwa.

Elmina: Chamgei, mzee. Nisamehe. Hamjambo, wazee.

Nyang'au: Shemeji. Amelalaje?

Elmina: Anapumua. Anaongea kidogo, anakuuliza. Daktari anasema kifua ni kibaya lakini bado iko nafasi, kama atakula, na kama hakuna kitu kingine kitamwingia. Amewekwa chumba cha pekee. Shida ni kula. Mikono imefunga tena, kijiko hakishiki. Manesi ni wawili na wodi imejaa, hawawezi kukaa naye. Wametaka mtu wa nyumbani amlishe, amgeuze, amshikie kikombe.

Nyang'au: Si uko wewe?

Elmina: Mimi wamenitoa. Nilipata mafua kwa basi. Nesi alinisikia nikipiga chafya mara moja tu, akanishika bega akanitoa nje. Nyaberi naye nimepita nyumbani sasa hivi, nimemkuta analala na homa.

Akaweka kikapu chini. Ndani niliona kile kikombe cha bati, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Akatuangalia mmoja mmoja, bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayeuliza duka la chumvi.

Elmina: Kwa hivyo nimekuja kuuliza. Ni nani hapa hana kikohozi?

Dresa aliangalia jiko. Tanboi, ambaye hajawahi kukosa neno, alivuta kola ya koti. Mzee Mizani alijifunika blanketi mpaka mdomoni, na blanketi likawa linatikisika. Mimi nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka kifua changu kikanitangulia.

Nyang'au alisimama. Alifunga midomo, akavuta hewa kwa pua, akaanza kutembea kutoka mwisho wa benchi kumfuata shemeji yake. Sote tulimwangalia. Sijawahi kumwombea mtu kama nilivyomwombea yule pale, nami si mtu wa kuomba. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa, macho yamejaa maji, lakini alitembea, akafika, akasimama mbele yake wima kabisa.

Elmina: Uko mzima, shemeji?

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Elmina: Sema basi, nisikie.

Akafungua mdomo aseme, na kikatoka. Kilimkunja katikati, kikamshika muda mrefu, akashikilia nguzo ya banda la majani. Elmina alirudi nyuma hatua mbili, akangoja kiishe. Halafu akainama, akachukua kikapu chenye kikombe cha dada yake, akarudi barabarani peke yake kutafuta mtu mwingine.