Papa Zakari na Alama ya Wino

Lubumbashi, tarehe 27 Juni 2025

Kwa Papa Zakari,

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Papa Zakari, muuguzi wa chumba chetu cha upasuaji wa macho, anastaafu tarehe 30 Juni. Wenzake wanasema amechagua sikukuu ya uhuru ili mtu yeyote asithubutu kumrudisha kazini.

Alianza kwa kuchemsha vyombo. Wakati ule, aliyetolewa mtoto wa jicho alirudi nyumbani na miwani mizito. Baadaye zikaja lenzi za kuwekwa ndani ya jicho, kisha zile zinazorekebisha pia astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawa, linaloona taa ya njiani kama imevutwa. Lenzi hizi zikikaa upande, kazi imeharibika. Tena jicho huzunguka kidogo mtu akilala. Ndiyo maana Papa Zakari hulitia alama za wino mgonjwa akiwa bado ameketi, kichwa wima.

Lakini watu wetu huinamisha kichwa mbele ya mkubwa. Marehemu mke wangu Claudine, fundi cherehani wa Katuba, alipoletwa kutolewa mtoto wa jicho aliinama kila alipoguswa. Macho yalikuwa yamefifia, naye alikuwa na hofu moja tu: kusahau sura zetu. Daktari akasema tuahirishe. Mimi, Chomba wa mapokezi, nilisimama mlangoni.

Papa Zakari akavuta kiti. Akauliza habari za nyumbani, za wajukuu, za kuku, mpaka salamu zikaisha zote.

“Sasa, mama, heshima yangu nilishaipata. Uniangalie kama mutu mwenye kukuharibia kitambaa.”

Claudine akacheka, akainua kichwa, akamkazia macho. Alama ikakaa sawa, na upasuaji ukafanyika asubuhi ileile.

Kesho yake kifuniko kikatolewa. Akanitazama, kisha akasema: “Chomba! Kumbe ulizeeka hivi, na haukuniambia!” Chumba kizima kikacheka, Papa Zakari kuliko wote.

Tangu hapo, jioni tulikaa kibarazani. Alitazama moshi wa majirani, majani, watoto wakipita, uso wangu, taratibu, kama mtu anayekunja nguo kabla ya safari. Akatuacha mwezi wa Oktoba mwaka jana, jakaranda zikiwa zimechanua. Alikwenda akiwa ametuona.

Papa Zakari, asante. Sisi wenzako tunakuombea afya, siku nyepesi na usingizi mzuri wa mchana. Na katika sala zako, tafadhali, utukumbuke, mimi na Claudine.